Tembo, Mvinyo na Divai: Ushahidi wa Maneno Juu ya Starehe ya Kunywa Katika Pwani ya Afrika ya Mashariki

Wachunguzi wa lugha ya Kiswahili wamezoea kuyapanga maneno yaliyotoka ng'ambo kwa makundi yake: haya ya dini, haya ya sheria, haya ya biashara, na haya ya vyombo vya bahari. Maneno ya starehe bado hayajapata mpangaji. Sababu yake si ngumu kuijua. Mtu aandikaye juu ya vinywaji hudhaniwa kuwa mlevi au kuwa mhubiri, na mwanachuoni hapendi kudhaniwa kuwa mmoja wa hao wawili. Hata hivyo neno halioni haya. Husafiri pamoja na kitu, hukaa mahali kitu kilipokaa, na aghalabu hubaki baada ya kitu chenyewe kuondoka.

Katika makala haya nataka kuyachungua maneno matatu, yaani tembo, mvinyo na divai, pamoja na jamaa zake. Nia yangu ni kuupinga usemi unaosikika mara kwa mara, ya kwamba starehe ya kunywa polepole, pamoja na wenzi, kwa wakati uliotengwa kwa jambo hilo, ilikuwa kitu kigeni pwani mpaka ilipoletwa na Wazungu. Nionavyo mimi, kilicholetwa ni kinywaji kiwezacho kungoja. Starehe yenyewe ilikuwako, na ilikuwa na saa yake.

Tuanze na habari iliyo ya kale kupita zote. Katika karne ya kwanza baada ya kuzaliwa Kristo, mfanya biashara mmoja wa Misri aliyeandika Kiyunani, na ambaye jina lake halikuhifadhiwa, alitunga kitabu cha kuwaongoza mabaharia katika bahari ya Sham na bahari ya Hindi. Kitabu hicho wataalamu hukiita Periplus. Anapofika pwani yetu, ambayo yeye aiita Azania, anautaja mji wa Rhapta kuwa soko la mwisho, na anahesabu bidhaa zilizopelekwa huko: mikuki iliyofuliwa Muza katika nchi ya Yemen, mashoka, visu, nyuma za kutobolea, na vitu vya kioo. Kisha anaongeza jambo ambalo kwa makala haya lina thamani kuliko orodha yote. Anasema ya kuwa katika mahali pengine wafanya biashara walipeleka pia mvinyo na ngano, wala si kwa kuuza, bali kwa kuwakirimu wenyeji ili wapate urafiki wao.

Msomaji na aitazame vema habari hiyo. Kitabu hicho hicho, kinapotaja bandari ya Adulis au ile ya Barygaza katika Bara Hindi, kinaupanga mvinyo miongoni mwa bidhaa, na hata kinatofautisha mvinyo wa Italia na ule wa Laodicea. Huko mvinyo ulikuwa na bei. Huku kwetu haukuwa na bei. Ulikuwa kitu cha barazani. Mgeni hakuuweka kwenye mizani, aliumimina. Tena hakuna aletaye zawadi ya kinywaji mahali ambapo watu hawajui la kufanya na kinywaji. Mwenyeji aliyekirimiwa huko Rhapta alikuwa na desturi ya kuketi na mgeni, na mgeni aliijua desturi hiyo barabara hata akaiwekea fungu katika gharama za safari yake. Wenyeji hao walikunywa nini wao wenyewe, kitabu hakisemi. Jina waliloupa mvinyo ule wa kigeni nalo limepotea.

Hapo ndipo litufikiapo neno la kwanza, tembo. Kabla ya yote niondoe shida moja iliyowachekesha wageni wengi wanaojifunza lugha hii. Tembo la mnazi na tembo mnyama si neno moja. Sarufi huyatenga bila taabu: mnyama hufuata ngeli ya watu, tukasema tembo huyu amekuja, kinywaji hufuata ngeli nyingine, tukasema tembo hili limechachuka. Methali ijulikanayo na kila mtoto wa pwani, mgema akisifiwa tembo hulitia maji, imeihifadhi ngeli hiyo katika kiungo kimoja kidogo, li, na mwalimu mwenye akili huitumia kwa mafunzo mawili kwa wakati mmoja.

Mnazi wenyewe ulivuka bahari kuja hapa. Uchunguzi wa mbegu za urithi uliotolewa mwaka 2011 umeonyesha ya kuwa minazi ya dunia ni ya koo mbili kubwa, moja ya bahari ya Hindi na moja ya bahari ya Pasifiki, na ya kwamba katika Bukini na katika pwani ya Afrika ya Mashariki koo hizo zimechanganyika. Nao wachunguzi walihusisha mchanganyiko huo na safari za mabaharia waliotoka visiwa vya kusini-mashariki ya Asia. Al-Masudi, aliyesafiri mpaka kisiwa cha Qanbalu yapata mwaka 916, ameandika ya kuwa nchi ya Zanji ina visiwa vingi viotavyo minazi, na watu wake hula nazi. Kwa hiyo, mti ni mgeni wa zamani. Lakini kitenzi gema si kigeni hata kidogo. Wenye kulinganisha lugha za Kibantu wamekikuta katika lugha za mbali, upande wa magharibi, ambako hugemwa miti mingine ya jamii ya mchikichi. Ikiwa ni hivyo, basi mti ulipofika pwani uliwakuta watu ambao kazi ya kugema ilikwisha kuwa na jina katika lugha yao. Walioleta mnazi hawakuwa na haja ya kuwafundisha kitenzi.

Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, hakuandika habari za tembo katika miji hiyo. Jambo hilo halina ajabu, kwa maana alikuwa kadhi aliyeusifu uchaji Mungu wa watu wa Kilwa, wala wenyeji wake hawangemwonyesha kibuyu. Lakini alipoondoka Kilwa akaenda Dhofari, na huko alieleza kwa urefu jinsi watu wapandavyo minazi asubuhi na jioni, wakata kikonyo ambacho matunda hutokea, wafunga chombo kidogo chini yake, na maji yadondokayo huyachemsha mpaka yakawa asali. Kazi aliyoieleza ndiyo kazi ya mgema, hatua kwa hatua, ila ilielekezwa kwenye mwisho ulio halali. Na Kiswahili nacho kina jina la kitu hicho: asali ya tembo.

Sasa nimefika mahali nipendapo kukaa kidogo. Mgema hupanda akiwa na kotama yake, nacho ni kisu kipana chenye makali sana. Hulifunga karara kwa ugwe kabla halijafunguka, hulikata ncha, kisha hukata kipande chembamba kila apandapo, ili kidonda kisizibe. Maji yashukayo ni matamu kama maji ya muwa. Lakini hayapati hata nafasi ya kuwa maji tu, kwa kuwa hamira ya hewani na ya chomboni huanza kazi yake kibuyu kingali juu ya mti. Kwa muda wa saa chache kilevi chake huweza kufika asilimia 4 au 5 hivi. Siku ya pili linakuwa kali, na baada ya hapo hugeuka siki. Hivyo lugha imelipa kila daraja jina lake: asali ya tembo kwa aliyewahi kulichemsha, tembo tamu kwa anywaye mapema, tembo kali kwa anywaye jioni au kesho yake, na siki kwa aliyechelewa. Ni majina manne ya kitu kimoja, na kinachoyatenga ni saa tu.

Hii ndiyo sababu nasema kuwa kamusi hazilitendei haki neno hili zinapolifasiri kuwa pombe ya mnazi basi. Mzabibu hukamuliwa mara moja au mbili kwa mwaka, na mvinyo wake ukifungwa vema humngoja mwenyewe mpaka atakapopata nafasi. Tembo halimngoji mtu. Mwenye kulitaka lazima aache alilokuwa akilifanya, aende lilipo, tena aende pamoja na wenziwe, kwa kuwa lililogemwa leo haliwezi kunywewa na mtu mmoja wala haliwezi kuwekwa akiba. Kwa hiyo tembo hujifanyia wakati wake lenyewe. Mzee mmoja aliyegema katika ujana wake aliniambia, nilipomsumbua kwa maswali juu ya neno kustarehe, "Mwanangu, ninyi mna saa ya kazi halafu mwatafuta kinywaji. Sisi kibuyu kikishuka, ndipo kazi imekwisha."

Starehe hiyo ilikuwa na gharama, wala isidhaniwe kuwa ni uvivu. Karara lililogemwa halizai nazi. Kila mti wa tembo ni mti uliokosa mbata, na ndiyo sababu wenye mashamba, waliohesabu mali yao kwa mbata, hawakumpenda mgema. Tena kunywa pamoja kulikuwa na kazi isiyoonekana. David Parkin, katika kitabu chake juu ya Wagiriama kilichotolewa mwaka 1972, alichokiita kwa Kiingereza kwa majina ya minazi, tembo na mashahidi, ameeleza jinsi mtu aliyenunua minazi na ardhi alivyohitaji ushahidi wa wazee pindi itokeapo daawa. Nao wazee hawakukutana pakavu. Aliyeketi, akanywa kwa mrija pamoja na wengine, ndiye aliyejua mti huu ni wa nani na uliuzwa lini. Ameeleza pia jinsi baadhi ya vijana waliokuwa wakikusanya mali walivyopatwa na maradhi ya pepo yaliyowataka wasilimu. Walipokwisha kusilimu, tembo likawa haramu kwao, na kwa njia hiyo walipata udhuru wa kujitenga na karamu zilizokula mali, lakini bila kuwavunjia wazee heshima. Nisieleweke vibaya: sisemi hata mmoja wao alijifanya. Nasema tu ya kuwa kikao cha tembo kilikuwa daftari la ardhi la watu wasio na daftari, na kukivunja kikao ni kuufunga ukurasa.

Tukigeuka sasa kwa Kiarabu, lugha iliyokipa Kiswahili maneno mengi kuliko lugha nyingine yoyote ya kigeni, twakuta jambo la kustaajabisha. Mvinyo kwa Kiarabu ni khamr. Neno hilo limo katika vitabu vya sheria, na wanavyuoni wa pwani walilijua sana, lakini halikuzoeleka vinywani mwa watu. Lililozoeleka ni ndugu yake aliye halali, hamira, lenye shina lilo hilo, nalo limekaa jikoni kwa amani pamoja na unga. Mfano wa pili ni mzuri zaidi. Washairi wa Kiarabu wa zamani waliuita mvinyo rāḥ, kwa shina lile lile lililozaa neno rāḥa, maana yake kupumzika, na istirāḥa, maana yake kujipumzisha. Kiswahili kikatwaa raha, kikatwaa starehe, na rāḥ kikaliacha bandarini. Abu Nuwas mwenyewe, mshairi wa Baghdad aliyekuwa mashuhuri kwa mashairi ya mvinyo, alipofika pwani katika hadithi alikuwa Abunuwasi, mjanja wa kuwashinda wafalme kwa akili. Kikombe chake hakikupanda chomboni.

Uchaguzi wa namna hii haufanywi na mtu mmoja, wala hakuna baraza lililoketi kuupitisha. Ni dini iliyofanya kazi ndani ya lugha kwa muda wa karne nyingi, ikichuja. Walakini ichujayo haikuiondoa haja ya kupumzika pamoja. Baraza lilibaki, na kahawa ikaja kukaa pale ambapo kwingine kulikaa kibuyu.

Neno la pili, mvinyo, ni la Kireno, vinho, na jambo hili halina mabishano. Wareno waliingia pwani mwaka 1498 pamoja na Vasco da Gama. Walianza kuijenga Ngome ya Mombasa mwaka 1593, na wakaipoteza mwaka 1698. Maneno yao yaliyobaki katika Kiswahili si mengi, na mara nyingi huandikwa katika orodha kwa taratibu ya alfabeti, hata yakaonekana kama vitu vilivyookotwa ufukoni baada ya jahazi kuvunjika. Lakini msomaji na ajaribu kuyaweka pamoja haya machache: meza, mvinyo, pipa, kopo, karata. Je, haoni kitu? Ni chumba kimoja. Pipa limesimama pembeni, meza iko katikati, kopo li mkononi, na karata zinagawanywa. Ukiongeza gereza, ambalo kwa asili yake ni kanisa, na bendera iliyo juu ya ukuta, umekwisha kuuona ukubwa wa maisha ya askari wa Kireno kwa macho ya mtu wa Mombasa aliyekuwa akipita nje. Wafalme wao na sheria zao havikuacha maneno mengi. Jioni zao ziliacha.

Na kwa kuwa mvinyo ulionekana katika hali hiyo, neno likachukua sura ya waliokuwa wakiutumia. Katika Kiswahili cha zamani mvinyo haukuwa maji ya zabibu peke yake. Ulimaanisha kileo kikali chochote kilicholetwa na meli. Maana hiyo ilipata nguvu katika karne ya 19, pombe kali za Ulaya zilipozidi kuingia, mpaka mataifa yaliyokutana Brussels yakaafikiana mwaka 1890 kuzuia pombe hizo katika sehemu kubwa ya Afrika, toka digrii 20 kaskazini ya ikweta mpaka digrii 22 kusini. Mkataba huo haukugusa vileo vilivyochachuka tu bila kukenekwa. Yaani hata wanasiasa wa Ulaya walipambanua kati ya vitu viwili ambavyo Kiswahili cha bandarini kilikuwa kikiviita kwa jina moja.

Hapo ndipo palipopatikana nafasi ya neno la tatu. Wamisionari Wakatoliki waliofika Unguja mwaka 1860 walitoka kisiwa cha Réunion. Kazi yao ikashikwa baadaye na mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, ambao mwaka 1868 walijenga Bagamoyo. Misa haiwezi kusomwa bila maji ya zabibu. Walihitaji neno, na mvinyo lilikuwa limekwisha kunuka bandari. Divai, kama kila mtu asemavyo, ni Kifaransa, du vin. Lakini mbona hiyo du imenata? Mfaransa wa Paris hasemi du kila mara. Hilo si sehemu ya jina. Katika lugha ya watu wa Réunion, kinyume chake, majina mengi ya namna hii yamegandamana na kiambishi hicho, na katika Kimalagasi twakuta divay kwa mvinyo, dite kwa chai, na dibera kwa siagi. Kwa hiyo naona ni sawa kusema kuwa divai halikutoka Ufaransa moja kwa moja. Lilipita visiwani, likavaa nguo za visiwani, kisha likaja Bagamoyo. Wenye kulitia katika orodha ya maneno ya Kifaransa bila maelezo wamekosa nusu ya safari yake.

Maneno mawili ya kitu kimoja huwatia wafasiri katika shida. Biblia iliyotolewa kwa Kiswahili cha muungano mwaka 1952 imeyatumia yote mawili. Katika arusi ya Kana ni divai iliyokwisha na divai iliyofanyika. Divai ndiyo imfurahishayo mtu moyo katika Zaburi. Lakini mahali pengine katika kitabu cha Mithali, panapoonywa juu ya kudhihakiwa na kileo, wafasiri waliandika mvinyo. Kwa Kiebrania neno la Zaburi hiyo na la Mithali hiyo ni moja, yayin. Siwalaumu. Walilisikia neno la altare na neno la bandari, na kila moja likaangukia mahali pake. Ila msomaji asiyejua Kiebrania atadhani kuwa kitu cha kufurahisha na kitu cha kudhihaki ni vinywaji viwili mbalimbali, na sijui kama mwandishi wa kale angelikubali kufarijiwa kwa urahisi huo.

Mzabibu wenyewe haukuridhika na pwani. Ulishika katika nyanda kavu za Dodoma, ambako wamisionari wa Kiitaliani waliupanda Bihawana mwaka 1957, na huko huvunwa mara mbili kwa mwaka. Leo divai ni neno la kanisani. Mvinyo limerudi dukani na kupata heshima mpya katika maandishi ya serikali na ya biashara. Lakini wakulima, na baada yao hata wasomaji wa bajeti bungeni, wamezua jina la nne, mchuzi wa zabibu, nalo ni maji yaliyokwisha kukamuliwa na kuchachuka yakiwa bado ndani ya matangi, yakingoja mnunuzi. Jina hili halikukopwa popote, limetoka chunguni. Nalionea fahari, ingawa najua wapo wataalamu watakaolikunjia uso.

Nilimwuliza mkulima mmoja wa huko kama naye huunywa mchuzi huo jioni akirudi shambani. Alisema huuza wote, kwa kuwa unaweza kukaa. Jioni yeye na jirani zake hunywa pombe ya uwele, iliyopikwa kwa siku ile.